Kuchelewa Nako Kuna Vyeo

Kuchelewa kazini hupimwa kwa vipimo viwili, na mfanyakazi mpya huvijua vyote kabla mshahara wa kwanza haujaingia. Kipimo cha kwanza ni daftari la mahudhurio. Ofisi za serikali nchini Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi, na muda huo ukipita afisa utawala huchukua kalamu nyekundu na kupiga mstari chini ya sahihi ya mwisho. Anayesaini chini ya mstari hutakiwa kujieleza, ingawa maelezo yenyewe yanajulikana kabla hajafungua kinywa: foleni ya Kimara, kivuko cha Kigamboni, au maji yaliyojaa Jangwani hadi barabara ikafungwa. Hilo la Jangwani ndilo bora kuliko yote, kwa kuwa kila masika lina mashahidi. Baadhi ya ofisi zimeachana na daftari na kubandika mlangoni mashine ya kusoma alama za vidole. Mashine hiyo haijui shikamoo wala haipokei udhuru, na huenda ndiyo sababu wakubwa wengi hawaigusi. Inaelezwa kwamba kazi zao ni za nje.

Kipimo cha pili hakina daftari. Ni kikao. Hapa mtu wa chini hata akitaka kuchelewa ni vigumu, maana kikao hakianzi mpaka mkubwa aingie, na ukiona mkubwa amewatangulia wote ukumbini ujue kuna mgeni kutoka wizarani. Mwanasosholojia wa Marekani, Barry Schwartz, aliliandikia makala jambo hili mwaka 1974, akieleza kwamba kusubiri hugawanywa katika jamii kwa kufuata madaraka: mwenye nguvu husubiriwa, asiye nayo husubiri. Wahudumu wa ofisi hawakuhitaji makala. Wanamjua mkurugenzi anayewaweka watu saa nzima na nusu, na wanajua kwamba ni yuleyule anayefika kwa katibu mkuu nusu saa kabla, tai shingoni, akipekua faili kwenye kiti cha mapokezi. Tangu treni ya umeme ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, ushahidi umeongezeka. Treni haimsubiri mtu, na mabosi huonekana stesheni mapema, wamekumbatia mabegi kama wanafunzi wa bweni siku ya kufungua shule. Saa, basi, wanaijua. Wanachokijua zaidi ni nani wa kumchelewea.

Kusubiri kwenyewe kuna utaratibu wake. Tuseme kikao kimeitishwa saa 4:00 asubuhi. Saa 3:55 ukumbini wapo watatu, wote wakiwa bado hawajathibitishwa kazini. Wazoefu wako mezani kwao wanaendelea na shughuli, huku wakitafuta habari za uhakika, na habari za uhakika hazitoki kwa katibu muhtasi. Huyo atasema bosi yuko njiani, na njiani ni mahali papana: panaanzia bafuni Mbezi Beach, panaishia kwenye lifti. Mwenye habari ni dereva. Akipokea simu kwa kunong'ona, bosi yumo garini. Akipokea kwa sauti ya juu na kuulizia matokeo ya Simba na Yanga, hakuna kikao kabla ya adhuhuri.

Kitu kimoja hufika kwa wakati, nacho ni chai. Mama aliyepewa tenda huleta chupa na sambusa saa 4:00 kamili, kwa kuwa ana ofisi nyingine inayomngoja. Hapo huzuka mgogoro. Kula kabla ya mwenyekiti si adabu. Kuziacha zipoe ni hasara, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgogoro huu haujawahi kuwekwa kwenye ajenda, bali hutatuliwa hatua kwa hatua: mmoja humimina nusu kikombe cha kumezea dawa, wa pili humsindikiza asijisikie vibaya, na bosi anapoingia saa 5:20 hukuta sahani ina sambusa moja, ambayo wajumbe wote wamemwachia kwa heshima.

Hiyo ni siku njema. Siku nyingine, ikifika saa 4:40, ujumbe huingia kwenye kundi la WhatsApp: "Ndugu wajumbe, kikao chetu kimeahirishwa hadi hapo mtakapojulishwa. Samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Usumbufu umeshajitokeza tangu alfajiri, kwa aliyetoka Kibaha na kwa aliyekatisha likizo. Hata hivyo majibu hufuatana haraka, "Imepokelewa", "Sawa kiongozi", na picha za mikono iliyofumbatwa, kila mtu akihakikisha jina lake limeonekana. Kuhusu sababu, tangu ilipotangazwa mwaka 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma, "ameitwa Dodoma" imekuwa sababu isiyohojiwa, hata mwitwa akionekana jioni hiyohiyo kwenye nyama choma Sinza.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki. Za kumsubiri mkubwa zinaingia humohumo, na kwa baadhi ya idara ndizo zinazochosha zaidi.

Kikao kikianza hatimaye, mwenyekiti huketi, hutazama saa yake na kutangaza kwa masikitiko kwamba muda si rafiki. Anaomba michango iwe mifupi. Halafu huzungumza dakika arobaini, sehemu kubwa ikiwa juu ya watumishi wanaochelewa. Katibu huandika muhtasari, na sentensi yake ya kwanza ndiyo hadithi fupi inayosomwa na wengi kuliko zote katika utumishi: "Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:00 asubuhi." Wajumbe huithibitisha katika kikao kinachofuata, bila marekebisho.

Kinachouma katika haya yote si dakika. Mtu aliyezoea foleni za Mbagala hawezi kushindwa na saa moja ya kukaa kwenye kiti chenye kiyoyozi. Kinachouma ni kugundua kwamba bosi alikuwa ghorofa ya juu muda wote, akipiga soga na rafiki yake, na kwamba hakuna aliyetumwa kusema neno. Ndiyo maana wafanyakazi husamehe mambo ya ajabu wakiambiwa mapema. Wapo wakuu wa idara wanaoteremka wenyewe mlangoni na kusema, "Jamani, nimebanwa, anzeni na ajenda ya pili, nakuja." Huchukua nusu dakika, na watu hao husifiwa mitaa mitatu kutoka ofisini. Kinyume chake, yupo anayeahirisha kikao mara tatu, kisha mara ya nne akamfokea aliyeingia dakika mbili baada yake. Huyo hukohoa peke yake siku akiugua. Kadi ya kumtakia nafuu huzungushwa hadi ikachakaa bila kupata sahihi za kutosha.

Tiba zimejaribiwa huku na nje. Nchini Peru, tarehe 1 Machi 2007, Rais Alan García alizindua kampeni ya taifa zima ya kutunza muda, na saa sita mchana ving'ora na kengele za makanisa zikalia ili kila mtu arekebishe saa yake. Ofisi za Dar es Salaam hazina kengele, hivyo zimechagua faini. Idara hukubaliana kwamba atakayechelewa kikao atatoa shilingi 5,000, na mweka hazina hutafuta kopo la maziwa ya unga na kulitoboa kifuniko. Kwa wiki mbili mambo huenda vizuri ajabu. Kopo hujaa noti za makarani, na watu hukimbia ngazi. Wiki ya tatu bosi huingia saa 5:10. Kopo liko mezani, mbele yake kabisa. Mweka hazina hulisogeza kidogo, kisha hulirudisha, kisha huweka faili juu yake. Deni la bosi huandikwa kwa penseli.