Chakula cha Mkono Mmoja

Simu ya gari la wagonjwa ina pua. Itanyamaza kutwa nzima, lakini sahani ya maharage ikitua tu mezani, inalia. Mama anayetupikia hapa Gitega ameshaizoea: siku hizi anatupakulia kwenye makopo yenye vifuniko. Na simu nyingi ni za uzazi. Tangu 2006 kujifungua ni bure katika hospitali za umma Burundi, jambo la heri kabisa, ila watoto wa nchi hii wanapenda kuzaliwa saa ya kula.

Kwa hiyo sisi wa garini tunakipa chakula mtihani wenye swali moja: kinashikika kwa mkono mmoja? Ubugari wa muhogo umefeli. Unataka mtu akae, anawe, amege. Ndizi mbivu imefaulu vizuri sana. Sambusa imepita kwa shida, kwa sababu ya mafuta. Ndagala wakavu wa Ziwa Tanganyika, wanaoliwa na mifupa yao na kutupa kalsiamu ya bure, walifaulu, kisha wakafukuzwa kwa harufu. Mfungie nao mgonjwa mwenye kichefuchefu, upande kilima... hilo nisilimalizie.

Maharage ndiyo yaliyonitia aibu. Warundi ni miongoni mwa walaji wakubwa wa maharage duniani, na hatukukosea: yana protini, yana madini ya chuma, na shibe yake inakaa. Jioni moja tuliitwa Muyinga kumchukua mjamzito, nami nikapanda na kopo langu, maharage yaliyoungwa kwa mawese yakawa mekundu. "Mwanangu, kula sasa," mzee dereva akaniambia, "mbele huko Karuzi kuna kona." Nikala. Mbuzi akakatiza barabara. Mzee akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mbuzi akapona, koti langu jeupe halikupona.

Tulipofika, mama mkwe wa mgonjwa alinimulika tochi kifuani, akashika kichwa. "Jamani, muganga kapata ajali!" Nikaletewa kiti. Nikaletewa maji. Mtu akaanza kunipepea kwa kanga, na machela niliyoishusha mwenyewe ikasogezwa upande wangu. Mgonjwa, katikati ya uchungu, akanipa pole. Kilichoniokoa ni kitoto kimoja kilichosogea, kikanusa koti na kutangaza: "Ni maharage."

Tukarudi Gitega na mama mkwe akiwa nyuma na sufuria lake mapajani, kwani huku kwetu jamaa ndio wanaomlisha mgonjwa hospitalini. Saa nane za usiku tukamkabidhi mjamzito kwa wakunga. Wataalamu wa lishe hutuonya tusile mlo mzito saa kama hizo, maana usiku insulini hufanya kazi kivivu na sukari hukawia kwenye damu. Mama mkwe hakuwahi kukaa kwenye somo hilo. Alifunua sufuria pale pale barazani: isombe ya majani ya muhogo, na ubugari wa kutosha familia. "Kaa ule, mwanangu," akasema, "umepoteza damu nyingi."

Basi, msomaji, ukikuta gari la wagonjwa limeegeshwa kando ya kibanda cha mishikaki, usilipige picha ukasema wahudumu wanastarehe. Tupishe kwenye foleni.