Nani Anaiba Petroli?

Corolla yetu 110 ya mwaka 1998 ilipoanza kumaliza petroli kabla ya wiki kwisha, nyumba nzima hapa Nkubu iligeuka mahakama. Mjomba wa watoto akamtaja kitinda mimba wetu: anafyonza petroli usiku kwa mpira, anawauzia watu wa boda. Mtoto akaapa, akalia, akasusia chakula.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Zile za zamani zilitoka zimejaa masizi makavu, na hilo pekee lilitosha kumwachilia kijana, maana petroli iliyoibwa haiachi masizi kwenye plagi. Lakini nani alisikiliza?

Siku ya kumpeleka bibi yao Runyenjes, tukipanda kutoka daraja la Nithi, tulitoa moshi mweusi hadi matatu ya nyuma ikapiga honi. Bibi alijifunika pua kwa leso mpaka Chuka. Tulipomfikisha, tuliendelea hadi Embu kwa shemeji, fundi wa umeme wa magari.

Shemeji alifungua boneti, akaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya katika kisanduku kidogo cha vipimo, akafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini ikawaka mara mbili, ikatulia, ikawaka mara moja.

"Ishirini na moja. Sensa ya oksijeni. Lakini, shemeji, sinunui kitu kwa neno la taa."

Akakagua kwanza ekzosi, kwa sababu ikivuja karibu na injini hewa ya nje huingia na sensa nzima husoma uongo. Haikuvuja. Waya nao ulikuwa mzima. Injini ilipopata moto sawasawa, akapima waya wa sensa kwa multimeta: volti 0.1. Sensa nzima hupanda na kushuka bila kukoma, kati ya 0.1 na 0.9. Hii ilikwama. Akapulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa, kama kuongeza mafuta, bado 0.1. Kompyuta ilikuwa ikiambiwa kila mara kwamba petroli haitoshi, nayo ikazidi kumimina.

Sensa mpya ikafungwa, namba zikaanza kucheza. Mjomba, ambaye tulikuwa naye, alimpigia kijana simu pale pale gereji, akamwomba radhi.

Wazazi wenzangu wenye magari ya umri huu, chomoeni plagi mtazame rangi yake kabla hamjamtaja mtoto.