Waraka kwa wakubwa wetu wa Maniema mlioko Kinshasa

Waheshimiwa baba na mama zetu,

Asalam aleikum kwa walio Waislamu, na Tumsifu Yesu Kristu kwa wengine. Maniema hatujawahi kugombana kwa ajili ya salamu. Baada ya hayo, tunawajulisha kwamba sisi huku ni wazima, mvua imenyesha kwa wakati wake, mpunga umesimama vizuri, na aliyeshika kalamu ni mtoto wenu, muuza mchele wa kijiji kimoja cha ukingo wa kulia wa Lualaba, ukiteremka kutoka Kindu kuelekea Lokando.

Tumesikia redioni kwamba mlikutana, na kwamba kila aliyepewa mikrofoni aliililia Maniema: jimbo lililofungiwa, vijiji vya mbali, watu waliosahauliwa. Ahsanteni kwa machozi. Siku zote tulikuwa tukijiuliza ni nani hasa aliyetusahau, na sasa tumewasikia wenyewe wakisema.

Lakini hilo la umbali, wazazi, naomba tulizungumze kwa adabu. Kwa mtu aliyekuwa na haja nasi hatujawahi kuwa mbali. Tippu Tip alitoka Zanzibar na misafara yake akaweka makao Kasongo, kwa sababu huku kulikuwa na pembe za ndovu na watu wa kukamata. Livingstone, mgonjwa na mchovu, alifika soko la Nyangwe mwaka 1871, akashuhudia wenye bunduki wakiwamiminia risasi akina mama waliokuja kuuza samaki na mihogo. Wabelgiji nao hawakulalamika kwamba ni mbali. Mwaka 1906 reli yao ilikuwa tayari inakwepa maporomoko kati ya Kisangani na Ubundu, kilomita 125, na kufikia 1911 nyingine ilikwisha kutandazwa kutoka Kindu hadi Kongolo, kilomita 355. Katikati, meli zilipanda na kushuka mto. Hawakutujengea sisi, na babu zetu waliobeba mataruma hawakuulizwa kama wanaipenda kazi hiyo. Ila gunia lilikuwa na njia ya kupita na siku ya kufika. Waliofuata bati ya Kalima walifika, waliofuata dhahabu ya Namoya walifika, na wagombea wa mwaka 2023 walifika hata kwetu, wakatugawia fulana zenye sura zao. Tunazivaa shambani mpaka leo, kwa hiyo msiogope, sura zenu zinaonekana.

Njia ipo, basi, na kila anayekuja kuchukua anaijua. Anayeambiwa ni mbali ni yule mwenye kitu cha kuuza.

Chukueni mchele, kwa kuwa ndio ninaoujua. Mama zetu wanauvuna kwa kisu, suke kwa suke, wanauanika na kuutwanga. Mimi naununua, naupakia kwenye mtumbwi, tunapiga kasia dhidi ya mkondo mpaka bichi ya Kindu. Hapo, kabla gunia halijagusa mchanga, huja kijana anayedai ushuru wa bichi. Nyuma yake yuko wa usafi, ingawa bichi yenyewe haijafagiliwa. Wa tatu anataka kuona karatasi ya mtumbwi, na nikimwonyesha anasema karatasi hiyo ni ya mwaka jana. Wa nne hasemi anatoka ofisi gani, anataka maji tu, na mnajua maji yenyewe ni ya aina gani. Siwataji, maana wengine ni watoto wa jirani na mishahara yao, ikiwapo, huchelewa kuliko mchele wangu. Lakini nikimaliza kuwasalimia wote, faida ya msimu imebaki mifukoni mwao, na mimi bado sijamwona mnunuzi hata mmoja.

Tukisema tuupeleke mbali zaidi, treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, huja ikijisikia, na hakuna anayekula kwa kuisubiri. Ndiyo maana vijana wanasukuma baiskeli zenye mizigo porini hadi Kasongo, wakilala njiani, wakilipa kila bariyeri wanayoikuta. Na huko kwenu, wazazi, pilau ya harusi mnapikiwa kwa mchele wa Thailand au wa Pakistani. Mchele huo umevuka bahari, umeshuka bandarini, umepanda lori hadi Kinshasa, na bado unawafikia. Wa kwetu ni wa nchi yenu, umelimwa kando ya mto uleule unaopita mbele ya hoteli zenu, na haufiki. Mtuwie radhi, lakini tukiangalia ramani hatuelewi aliye mbali ni nani.

Tangu Goma ianguke mikononi mwa waasi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, ndege zilizokuwa zikituletea sukari, sabuni na betri kutoka huko zimekatika. Hapo ndipo tulipojua kwamba kwa miaka mingi tulikuwa tunakula kupitia tundu moja tu la ukuta. Reli, mto na barabara vilikuwapo wakati wote, vikingoja mtu wa kuvikumbuka.

Nisiseme daraja, maana mtadhani naomba daraja. Kongolo wanalo, na Matadi wanalo tangu 1983. Kindu, mji mkuu wa jimbo, sehemu kubwa iko ng'ambo moja na komuni ya Alunguli iko ng'ambo nyingine, na kinachoziunganisha ni mitumbwi, pamoja na feri inapokuwa na mazuti. Mchana jambo hilo ni la kupigia picha. Usiku mama mwenye uchungu wa kuzaa analetwa kwa kipoyi hadi majini, mpiga kasia anaamshwa, bei inajadiliwa gizani huku mama analia, kisha wanavuka Lualaba yote kwa mwanga wa tochi ya simu. Wengine wamezaa katikati ya mto. Tunawafahamu watoto hao, ni wazuri. Nasema tu kwamba Maniema hii imetoa waziri mkuu kuanzia 2012 hadi 2016, na baadaye rais wa Seneti. Si kwamba tumekosa watu mezani.

Katiba ya 2006 pia tumeisoma. Mwalimu wetu anayo nakala. Kifungu cha 48 kinatuhakikishia maji safi na umeme. Kifungu cha 175 kinasema jimbo libaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe papo hapo yanapopatikana. Mwalimu huwasomea watoto vifungu hivyo kwa sauti nzuri sana. Yeye mwenyewe hayumo kwenye listi ya mishahara, na tangu 2019 shule ya msingi ikiwa ya bure, wazazi hawaruhusiwi kumlipa. Analima mpunga, na watoto wanamsaidia kuvuna saa za hesabu. Kaka zao wenye diplome ya Etat wamekuwa wamotari mjini au wameingia machimboni. Waliosoma Chuo Kikuu cha Kindu wanaandika CV zinazoanza vizuri.

Mwaka 2012 wanasayansi waliutangazia ulimwengu kima anayeitwa lesula, ambaye wawindaji wa msitu wa Lomami walimjua siku zote, na 2016 msitu huo ukawa hifadhi ya taifa. Hatumwonei wivu kima, ingawa yeye dunia imekwisha kumjua. Tunauliza tu: nchi hii ilihesabu watu wake kwa mara ya mwisho mwaka 1984, na Maniema yenyewe ilizaliwa kutoka Kivu mwaka 1988. Yaani tangu tuwe jimbo hatujahesabiwa hata mara moja. Hao waliosahauliwa mnaowalilia mnajuaje ni wangapi?

Kwa hiyo ombi letu ni moja. Kikao chenu kijacho kifanyieni huku, lakini ndege muiache kwa wagonjwa. Kama mtapitia Kisangani, shukeni Ubundu mtafute boti ya mbao, itaondoka ikijaa. Kama mtapitia Kalemie, ulizeni treni, na mkae na watu wengine wanaoiuliza. Kila mmoja abebe mkeka, chandarua na chakula cha siku zaidi ya mtakazoambiwa. Sombe na samaki wa kukaushwa tutawapikia sisi, na mchele tunao.

Na mje na noti ndogondogo za franka. Bariyeri ya kwanza mtaikuta kabla hamjashuka botini, na vijana wale hawana chenji, hata kwa mheshimiwa.

Wasalaam,

Mtoto wenu, muuza mchele,
ukingo wa kulia wa Lualaba