Itifaki Imezingatiwa, Ngoma Isubiri

Nikiona barua ya mwaliko imeandikwa "saa tatu kamili asubuhi", najua hiyo saa tatu ni ya sisi wa viti vya plastiki. Mgeni rasmi ana saa yake. Haiandikwi popote, lakini mpishi wa pilau anaijua, mshereheshaji anaijua, na fundi mitambo anaijua kuliko wote, maana ndiyo kwanza saa nne na nusu anaanza kutupigia "moja mbili, moja mbili, haloo".

Sisi wa Makurunge ndio tunaoumia. Mihadhara na shughuli za utamaduni ziko mjini Bagamoyo, kwa hiyo mtu unadamkia barabarani, unabanana garini, unafika shati limekunjika, unakuta meza kuu inavalishwa kitambaa. Chupa za maji zimeshapangwa pale juu. Za meza kuu hizo, usiziguse.

Mgeni rasmi akifika tunasimama. Tukikaa, unaanza utambulisho. Sina ugomvi na utambulisho, kila mtu apenda kujulikana, ila wa kwetu hauna breki. Watatambulishwa walioko meza kuu, watatambulishwa walioambatana nao, kisha watasomwa waliotuma udhuru. Nimewahi kumpigia makofi ya kilo mtu ambaye hakuja. Halafu kila anayeshika kipaza sauti anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, na akishasema hivyo anaanza kuizingatia upya, cheo kwa cheo, mpaka yule wa chini kabisa.

Muda wote huo wapiga ngoma wako nje, chini ya mwembe. Wao walifika mapema wakawasha moto wa kupasha ngozi zikaze. Moto umezimika, ngozi zimelegea, vijana wamelala. Ndipo mshereheshaji anakuja mbio: "Jamani, muda umetutupa mkono, tunawapa dakika tano." Mdundiko wa dakika tano! Ngoma ambayo Wazaramo huitembeza mtaa kwa mtaa, watu wakiifuata hadi wanajikuta kitongoji wasichokijua na sufuria wameiacha jikoni. Hizo dakika tano hazitoshi hata kuwatoa mlangoni.

Kisha inakuja mada. Mada ni historia, na historia ni Livingstone. Tutaambiwa alifariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili hadi pwani, ukafika misheni ya Bagamoyo Februari 1874, ukavushwa kwenda Unguja. Ni habari nzito, siikatai. Waliotembea miezi yote ile na maiti mabegani wanastahili kutajwa. Ila wao wanapewa sentensi moja, aliyebebwa anapewa saa nzima na picha ukutani. Mwili ule haukukawia hapa Bagamoyo. Sisi unatukalisha ukumbini mwaka hadi mwaka.

Safari moja bibi aliyekaa pembeni yangu alinivuta kwa kiwiko.

"Mjukuu wangu, huyu Mzungu hawajamzika tu?"

"Wamemzika, bibi. London, tangu Aprili 1874."

"Basi si wamwache apumzike!"

Bibi yule alikuwa na mada yake kamili, ila hakuna aliyemwomba. Anakumbuka ranchi ya RAZABA, Serikali ya Zanzibar ilipofuga ng'ombe huku kwetu bara, kabla sehemu ya ardhi ile haijawa mashamba ya miwa. Anakumbuka mto Ruvu unavyojaa na nani alivushwa na nani. Sijaona mhadhara wa RAZABA. Labda kwa sababu hakuna picha ya kuonyesha ukutani.

Ikifika zamu ya maswali, atasimama bwana mmoja, wa kila shughuli, aseme ana swali moja lenye vipengele vitatu. Kipengele cha kwanza ni shukrani, cha pili ni wasifu wake, cha tatu ni barabara ya kwake. Swali hatulisikii.

Kinachoniuma ni kwamba haya yanatokea Bagamoyo, mji wenye Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho mwaka 2007 kikawa TaSUBa, na wenye tamasha la sanaa tangu 1982. Hapa ndipo alipoishi na kufundisha mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, hadi alipofariki mwaka 2003. Mzee yule alizunguka dunia na ala yake ya ilimba, na alipoigusa tu ukumbi ulinyamaza. Leo angeambiwa asubiri kwanza tumalize kutambua uwepo wa waheshimiwa.

Waandaaji, nawaomba jambo dogo. Ngoma ianze saa iliyoandikwa, mgeni rasmi aje aikute inalia. Akichelewa, hasara yake. Bibi apewe kipaza sauti kabla hajasinzia. Na kama hayo ni makubwa mno kwenu, basi barua ijayo iandikeni saa mbili: ya wananchi na ya mgeni rasmi. Mimi nitakuja hiyo ya pili, na maji yangu mkononi.