Heri Ruta Isiyoijua Ifakara

Kati ya makosa yote ya intaneti ya nyumbani isiyo na waya, linalosingiziwa kuliko yote katika Bonde la Kilombero ni kosa la mahali. Bando likiisha kabla ya mwezi, lawama ni halali. Umeme ukikatika na mnara nao ukanyamaza katikati ya masika, lawama ni halali zaidi. Lakini ruta iliyotulia juu ya kabati Kibaoni au Viwanja Sitini, hapa Ifakara, inapoitangazia dunia kwamba iko Dar es Salaam, na siku nyingine Nairobi, hasira inayofuata haina msingi. Ati tovuti inaleta matangazo ya chakula cha kupelekewa mlangoni Masaki. Ati ukurasa wa hali ya hewa unamzungumzia upepo wa bahari mtu ambaye mpunga wake umesimama majini. Ati televisheni inapendekeza habari za foleni ya Ubungo. Watu wa huduma kwa wateja wanaliita hitilafu na kuomba ruta izimwe, iwashwe upya. Mimi nasema iachwe ilivyo. Katika bonde hili, kutojulikana ulipo ni neema ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuitoa.

Tumtendee haki mshtakiwa kwanza. Ruta haijui iko wapi, wala haijawahi kudai inajua. Laini iliyo tumboni mwake inaongea na mnara, mnara unasafirisha kila kitu hadi kwenye mitambo ya kampuni, na mitambo hiyo kwa kawaida iko Dar es Salaam, huko huko nyaya za baharini zinakoingilia nchi kavu: SEACOM iliyofika 2009 na EASSy ya 2010. Hapo wateja wengi hufungwa pamoja chini ya anwani moja ya IP, maana anwani za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima, na mgao wa Afrika, unaosimamiwa na AFRINIC kutoka Mauritius, ni mdogo. Tovuti ya ng'ambo inaiona anwani hiyo, inafungua jedwali ililonunua kwa wafanyabiashara wa taarifa, jedwali linasema Dar, basi. Mtu wa Mngeta aliyepokea barua zake kwa miaka kupitia S.L.P. ya shule au parokia, Ifakara, anauelewa mpango huu bila kufundishwa. Hakuna mwandishi wa barua aliyewahi kushtakiwa kwa kudhani kwamba mtu huyo analala posta.

Ipo pia aina ya pili ya kosa, na hii naipenda zaidi. Simu iliyo ndani ya nyumba isipoziona vizuri setilaiti, huangalia ni ruta zipi zilizo jirani, kisha huuliza kampuni kubwa zenye daftari la ruta za dunia: hii ilionekana wapi mara ya mwisho? Ruta iliyohama na mwenyewe kutoka Sinza, Dar es Salaam, inaweza kuendelea kuiambia kila simu ya Ifakara kwamba hapa ni Sinza, mpaka simu za kutosha zipite na kusahihisha daftari. Imepakiwa kwenye basi, imevuka Mikumi na Kidatu, na bado haijasahau kwao.

Sasa ushahidi mzito. Bonde la Kilombero halijawahi kukosa watu wa kulijua kwa usahihi, na mara nyingi aliyelijua alikuwa na safari ya kulipangia. Enzi za Waingereza, ugonjwa wa malale uliwapa watawala sababu ya kuzikusanya kaya zilizotawanyika katika wilaya ya Ulanga ya wakati huo ziishi pamoja mahali palipochaguliwa. Miaka ya 1970 ikaleta vijiji vya ujamaa, na watu wakaonyeshwa tena pa kukaa. Katika muongo huo huo TAZARA ikapitisha reli bondeni, nayo ikahitaji kujua hasa nani yuko njiani. Mwaka 2002 uwanda wa mafuriko uliingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu. 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo bondeni. 2023 likatangazwa Pori la Akiba la Kilombero, na suala la mpaka unapita wapi likawa suala la nani yuko ndani na nani yuko nje. Sisemi kila hatua ilikuwa mbaya. Malale yanaua, na mto ukikauka wote tunaumia. Nasema tu kwamba hapa swali la "uko wapi?" limezoeleka kufuatwa na "basi hamia kule". Mtandao ndio mamlaka ya kwanza iliyotuhamisha sote hadi Dar es Salaam kwa mara moja bila lori, bila bikoni, bila kung'oa hata nguzo moja ya banda.

Atasimama mtu wa utafiti kunipinga, na atakuwa na haki ya kusimama. Maabara aliyoianzisha Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, imeishi kwa kujua nani anaishi wapi. Tangu 1996 wahesabuji wake wamepita kaya kwa kaya bondeni wakiandika waliozaliwa, waliofariki na waliohama, na bila daftari hilo tusingejua vyandarua vyenye dawa viliokoa watoto kiasi gani. Nakubali. Ila tazama walivyopata usahihi wao: walikuja kwa miguu na baiskeli, wakabisha hodi, wakauliza, wakajibiwa, wakarudi tena. Hata Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 iliweka kibao cha mtaa na namba mahali ambapo mwenye nyumba anaviona. Tovuti haibishi hodi. Inakisia mahali petu kimyakimya ili ituuzie kitu, na kwa kuwa inakisia vibaya, tumebaki na faragha ambayo hakuna aliyeikusudia.

Mpinzani mwingine ataleta Kansas, naye ana kesi nzuri. Kampuni ya Marekani iitwayo MaxMind, inayouza majedwali ya aina hii, kila iliposhindwa kujua anwani iko wapi nchini humo iliiweka katikati ya nchi, kwenye nyuzi 38 kaskazini na 97 magharibi. Hapo palikuwa na shamba karibu na mji mdogo wa Potwin. Habari ilipofichuliwa 2016, anwani zaidi ya milioni 600 zilikuwa zinaelekezwa kwenye uwanja wa shamba hilo, na wakazi wake walikuwa wamefuatwa na polisi na watu wenye hasira kwa makosa wasiyoyajua. Kampuni ikaihamishia nukta hiyo ziwani. Lakini tatizo la Kansas halikuwa jedwali kukosea. Lilikuwa jedwali kukosea huku likijifanya linajua mpaka mlango wa nyumba. Dar es Salaam ni kosa pana, lenye nafasi ya kutosha kila mtu kupotea. Na siku jedwali letu likihitaji mahali pa kutupia wasiojulikana, uwanda wa Kilombero mwezi wa Aprili unafaa kuliko ziwa lolote: mpelelezi atakuta maji, matete na viboko, na viboko hawana la kuficha.

Kuhusu Nairobi, watu wanaona uchungu usiostahili. Ifakara iko karibu nyuzi 36.7 mashariki na Nairobi 36.8, kwa hiyo jua la adhuhuri linafika miji hiyo miwili kwa tofauti isiyofika dakika moja, ingawa umbali ni zaidi ya kilometa 700. Hata hifadhidata ya saa inayotumiwa na kompyuta nyingi imeifanya Dar es Salaam jina la pembeni linaloelekezwa Nairobi. Ajabu ni kwamba kosa la Dar ndilo linalogusa jua. Dar iko mashariki zaidi, na jua la huko hutua kabla ya la Ifakara kwa kama dakika kumi. Anayefuturu kwa kuangalia ukurasa unaodhani yuko Dar atakuwa amekula mchana. Hili ni pingamizi la maana, na jibu lake liko msikitini: muadhini hajawahi kuhitaji anwani ya IP.

Wajuzi watanicheka kwamba faragha ninayoisifu ni ya bandia, kwa sababu kampuni ya simu inaujua mnara, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole. Kweli kabisa. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN, njia ya kuficha ulipo mtandaoni, kwa shughuli zao watoe taarifa, pamoja na anwani zao za IP, kabla ya tarehe 30. Ruta yetu inafanya nusu ya kazi ya VPN hadharani na haijaombwa fomu. Wenye wajibu kisheria wanajua tulipo. Wasiojua ni wachuuzi, na sioni hasara.

Pingamizi moja tu linaniondolea kicheko. Ni ule ujumbe unaosema mtu ameingia kwenye akaunti yako kutoka Dar es Salaam, je, ni wewe? Mwenye akaunti aliye Ifakara anajifunza kujibu "ndiyo" bila kusoma, kwa kuwa kila mara ni yeye. Siku mwizi aliye Dar kweli atakapoingia, kengele italia na hakuna atakayeamka. Hapa sina utetezi, isipokuwa kusema kwamba aliyeifanya anwani ya IP kuwa mlinzi wa fedha za watu ndiye wa kuulizwa. Mahali roho ya mtu inapotegemea kujua alipo, hakuna anayeitumia: mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito kwa dharura unaanza kwa mtu kupiga 115 na kusema kwa mdomo wake yuko wapi.

Dawa ya kosa lenyewe ipo. Tangu 2020 kuna utaratibu wa kimataifa, RFC 8805, unaoziruhusu kampuni kuchapisha faili la kueleza kila kundi la anwani linatumika mji gani. Lakini faili haliwezi kusema kweli kuhusu anwani moja inayotumiwa dakika hiyo hiyo na mtu wa Mlimba, wa Mahenge na wa Mbagala. Litachagua mmoja, na tunajua litakayemchagua. Tishio la kweli ni IPv6, anwani za mtindo mpya, yenye nafasi ya kuitosha kila nyumba mpaka friji yake. Mpaka hiyo itakapogawiwa kwa kanda, anayetaka kumuuzia mkulima wa Ifakara mbolea kwa tangazo la mtandaoni itabidi kwanza awatangazie wakazi wa Dar es Salaam, 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na gharama ni juu yake.