Muulize Shangazi: Ukuta Unaotoa Jasho

*Shangazi, shikamoo. Nimerithi kijumba cha mawe Lushoto, kilichojengwa mji ukiitwa Wilhelmstal. Kila Julai tukipanda kutoka Tanga kupumzika, mke wangu analala na koti. Mwaka jana fundi alipigilia papi ukutani, akasokomeza sponji, akafunika kwa jipsamu. Joto tulilipata. Sasa chumba kinanuka soksi, na mama watoto anasema ninayenuka ni mimi.*
*Mrithi, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Hunuki wewe. (Au unanuka, ila hilo liandikie barua yake.)

Mkilala wanne, madirisha yamefungwa na birika linachemka humo humo, hewa inajaa mvuke. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ikigusa kitu kilicho chini ya nyuzi 12, inatoa maji, kama soda iliyotoka kwenye friji. Zamani ukuta wako uliiba joto kidogo la chumbani. Fundi ameunyima. Umezidi baridi, na sponji haizuii mvuke kupenya, basi maji yanatona nyuma ya jipsamu, gizani. Bandua kipande kimoja nyuma ya kitanda, upande usiopata jua. Ukikuta madoadoa meusi, mwite mama watoto aone, kisha udai msamaha wako.

Halafu bandua vyote. Zunguka nje: gata limetoboka? Udongo umepanda juu ya msingi? Kuna mtu kapiga lipu ya saruji juu ya mawe yaliyojengewa chokaa? Saruji hiyo inafungia maji ndani. Ibandue, urudishie chokaa, uache ukuta ukauke miezi, si wikiendi. Pesa ya kwanza ipeleke darini, maana joto hukimbilia juu, na kwenye nyufa za madirisha. Ulaya nyumba kama hizi huvishwa kwa ndani mbao za nyuzi za miti, zikagandishwa kwa chokaa bila kuacha uwazi, zinywe mvuke na kuurudisha. Fundi akikuambia sponji ni yale yale, mpe nauli.

*Shangazi, huku Lushoto shemeji anashauri tuwashe jiko la mkaa chumbani usiku, tufunge na mlango.*
*Mwenye baridi*

Hapana. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu, hutaamka kuikimbia. Blanketi la pili ni lako, jiko libaki uani, na shemeji akilipenda sana, akalale nalo huko.