Sifa za Gari Lisilojua Uongo

Mombasa imesifiwa ngome yake, imesifiwa majahazi yake, imesifiwa mpaka viazi karai vyake. Sijasikia aliyesimama kulisifu lile gari dogo la saluni lenye namba za kizamani za KAL, ambalo kijana wa Tudor hulinunua mara tu mshahara unapoanza kutulia. Leo nasimama mimi, na mwenye wivu aondoke barazani.

Haliibiki, mwizi mwenyewe ataogopa hasara. Halihitaji kiyoyozi, kwani kioo cha nyuma kilishuka zamani na hakijapanda tena. Halina kiburi: hakuna harusi ambapo mtu amewahi kuliomba limbebe bibi arusi. Hizo ni sifa ndogo, nazipita. Sifa yenyewe hasa ni ukweli.

Litazameni linapowashwa alfajiri. Likitoa moshi wa buluu, linakiri kwamba linaunguza oili, ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma maana yake maji yameingia kwenye silinda, gasketi ya hedi imekwenda. Mweusi ni ulafi: linakunywa petroli kupita haja yake. Rangi tatu za toba, na zote hutolewa hadharani, majirani wakiwa madirishani. Likikata kona kuingia barabara ya Tom Mboya na kulia tik-tik-tik, linakujulisha kuwa viungo vya ekseli vimechoka. Ukikanyaga breki na chuma kikasaga chuma, pedi zimekwisha, nalo halitaki ulisikie jambo hilo kwa watu wengine. Na mnapopanda Daraja la Nyali, injini ikanguruma kwa nguvu zote huku mwendo ukizidi kupungua, limetangaza waziwazi kwamba klachi inateleza. Nimehudhuria mikutano mingi ya siasa iliyonguruma vivyo hivyo bila kusogea, na sijamsikia mheshimiwa hata mmoja akikiri habari ya klachi.

Hata ukilitia uongo mwilini, gari hili huutapika. Tudor tunaishi na maji ya chumvi ubavuni, na upepo wake huanzia kazi chini ya milango, pale asipochungulia mtu. Fundi wa bodi huziba matundu ya kutu kwa puti, akapiga rangi, ikang'aa. Gari huvumilia fedheha hiyo mpaka masika ya kwanza. Kisha rangi huvimba, hupasuka, na puti huanguka barabarani mchana kweupe. Asiye na subira ya kungoja masika na atembee na sumaku mfukoni: hunasa kwenye bati, kwenye puti haishiki.

Mimi sikutembea na sumaku. Nilitembea na dalali.

"Ami, hili lilikuwa la daktari. Kazini, nyumbani, basi. Wallahi."

Mita ilisoma kilomita elfu sabini. Kwa umri wa gari lile, daktari huyo lazima alikuwa akilala wodini. Nilipofika, injini ilikuwa ya moto tayari. Dalali alisema amelipasha kwa heshima yangu, nisipotezewe wakati. Na logibuku? Jina lililomo si la daktari wala la dalali. Ni la bwana mmoja aliyekwenda Doha, na siku hizi uhamisho wa umiliki hufanywa mtandaoni, kwenye eCitizen, ambako mwenye jina lazima aingie mwenyewe. Simu hapokei. Ujumbe anausoma, nauona kabisa kuwa ameusoma, na hajibu! Gari ni lake, kutu ni yangu, na dalali amebadilisha laini.

Samahani. Nilikuwa nasifu.

Lakini dalali ni dagaa tu. Kutoka Tudor mpaka bandari ya Kilindini ni safari fupi, na hapo ndipo yanaposhushwa magari yaliyotumika Japani, yakapita mbele ya macho yetu kwenda Nairobi na Kampala. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane. Hekima kubwa! Gari la miaka tisa ni hatari likiwa melini. La miaka ishirini na tano lililowahi kuingia ni raia mwema. Yaonekana uzee ni ugonjwa wa baharini.

Na hilo changa linaloruhusiwa? Ushuru wa forodha asilimia 35. Juu yake ushuru wa bidhaa asilimia 20, kwa injini isiyozidi cc 1,500. Juu ya vyote hivyo VAT asilimia 16. Shilingi mia inakuwa karibu mia na themanini na nane kabla ya tozo ndogondogo, na hiyo mia yenyewe si bei uliyolipa Japani, kwa sababu mamlaka ya mapato, KRA, ina orodha yake ya thamani. Baada ya hapo mwalimu aliyeajiriwa juzi anahimizwa anunue gari salama. Ananunua KAL.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka magari yatozwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani, isipungue shilingi 5,000. Nikapiga hesabu: 5,000 ni fungu la gari la 200,000. Langu halifiki huko, kwa hiyo lingepandishwa cheo kwa lazima. Ndiyo mara pekee serikali ilipolithamini kuliko mimi. Juni ile vijana wakaingia barabarani, pendekezo likaondolewa, mswada mzima ukafuata.

Sasa, kwa sifa zote hizi, ni choyo kubaki nalo peke yangu. Linauzwa, sababu ni safari. Kuna kijana amepiga simu, mwalimu mpya, mtoto wa watu, ana adabu. Habari ya logibuku tutaizungumza tukionana. Nimemwambia lilikuwa la daktari, na kwamba asije mapema. Aje saa nne, nitakuwa nimelipasha.